Mwigizaji Aliyelia Akihesabu

Kazi yangu hapa Doha ni kutunza wazee wa watu. Nasema wazee wa watu kwa sababu wa kwangu wanaangaliwa na majirani huko Nakuru, na hilo nilishaacha kulizungumza. Nimewahi kumwogesha mwanajeshi mstaafu, na mfanyabiashara mmoja aliyeniita kwa kupiga makofi mpaka siku niliyomwambia mimi si kuku. Lakini huyu ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa bibi wa Kiitaliano, wa karibu miaka tisini, na zamani, vita kuu vilipokwisha na nchi yao ikabaki vifusi na njaa, alikuwa mwigizaji wa sinema.

Aliishi Lusail, mji mpya kando ya Doha, na mwanawe, mhandisi wa miaka sitini na kitu, mtu mrefu mwenye adabu ya kuchosha. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya juu, madirisha makubwa yasiyofunguka, na kila kitu ndani cheupe, hata viti vya mezani, jambo ambalo hulifikiria mtu asiyefua mwenyewe. Mimi kila siku nilitoka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ambako tulikuwa tunakaa watu sita kwenye vyumba viwili, nikapanda metro, nikafika nimelowa jasho, kisha nikaingia kwenye baridi ile kama nyama inayorudishwa kwenye friji. Sikuipenda nyumba ile hata siku moja.

Mhandisi aliniagiza nimwite mama yake Sinyora, yaani Bibi kwa lugha yao. Nikasema sawa, nikaendelea kumwita Mama, maana kwetu mwanamke wa umri ule huwezi kumwita vinginevyo bila ulimi kukuwasha. Yeye mwenyewe aliitika. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono mmoja mfu na sauti ya kukwaruza, na masikio yake yalikuwa mazito kiasi kwamba ilibidi ukae mbele yake uso kwa uso, usogeze midomo polepole, ndipo akuelewe. Kichwa chake, hata hivyo, kilikuwa kizima. Alijua leo ni siku gani, alijua Kenya iko wapi, na nikifika nimenuna aliniuliza nimegombana na nani chumbani. Tuliongea kile Kiingereza cha Doha ambacho kila mtu anakivunja atakavyo na bado mnaelewana.

Nilipokuwa namchana nywele ndipo alipopenda kuzungumza. Alikuwa msichana wa kushona vifungo katika karakana ya mshonaji, katika mji uliobomolewa na mabomu, siku ambazo mkate ulikuwa habari. Mwongozaji mmoja alimwona anashusha ndoo ya maji ngazini akamwambia asimame hapohapo. Wakati ule, alisema, wenye sinema walikuwa wamewachoka warembo wa kabla ya vita. Walitaka nyuso za watu walioona njaa, na yeye uso wa njaa alikuwa nao bila gharama. Siku yake ya kwanza alipewa kipande cha mkate akishike mbele ya kamera. Akakila kabla picha haijapigwa, wakampa kingine, akakila nacho. Alicheka aliponisimulia hayo, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha upande mmoja wa uso tu, na mimi nikaona nimfute mdomo.

Aliigiza wanawake wanaolia. Mjane, mke wa mfungwa, dada wa mtu aliyepotea vitani. Kulia alijua. Kusema ndiko walikomkatalia. Lafudhi yake ilikuwa ya mtaani kwao, nzito, na mwongozaji alimwambia ana uso wa mtakatifu na sauti ya muuza samaki. Basi wakafanya kama walivyofanyia wengi: wakapiga picha kwanza, kisha katika chumba cha giza mwanamke mwingine, mtu wa jukwaa mwenye sauti ya asali, akasema maneno yote badala yake. Katika sinema zake zote, zaidi ya ishirini, hakuna hata moja inayotoa sauti yake. Walikutana mara moja, yeye na yule mwanamke, kwenye karamu. Yule akamshika mkono akamwambia, "Wewe unalia vizuri, mimi naongea vizuri; tukiunganishwa tunatoka mwanamke mmoja." Mama alisema alitamani kumpiga kofi, lakini alikuwa amevaa gauni la kuazima.

Kisha rangi zikaingia kwenye sinema, watu wakashiba, wakawa hawataki tena kumwona mtu analia. Walitaka miguu na vichekesho. Mama akapewa kuwa malkia wa kale mwenye taji la karatasi ngumu, akapewa kuwa shangazi, akapewa kuwa mwanamke anayefungua mlango. Mwishoni akafungua duka la nyuzi na vifungo, akarudi pale alipoanzia. "Kuishi kwingi ni kuona mengi," nikamwambia, nikajaribu kumfafanulia. Akasema wao pia wana msemo kama huo, na hausaidii kitu.

Habari za mwanawe alinipa kidogokidogo. Alimzaa bila ndoa, wakati jina lake liko juu, na wenye sinema wakamwambia mjane mtakatifu hawezi kuonekana na mtoto kiunoni. Akampeleka kwa mwanamke mmoja shambani, na alipokua kidogo, kwenye shule ya bweni ya mapadri. Alimtembelea kwa nadra. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mtoto naye ana uchungu wake, na huo hakuna aliyeutungia methali.

Mhandisi naye alinisimulia upande wake, siku moja aliporudi mapema na kukuta nakunywa chai. Shuleni kwao, siku za sikukuu, mapadri walitandika shuka ukutani wakaonyesha sinema. Ndipo akamwona mama yake. Katika sinema ile mama anamwacha mtoto kwenye lango la nyumba ya watawa. Anapiga magoti, anamshika mashavu, analia na kumwambia maneno marefu: kwamba hamwachi kwa sababu hampendi, kwamba kila atakapolala atakuwa karibu na mto wake, na mwisho kwaheri. Mtoto wa bweni akayachukua maneno hayo yakawa yake. Aliniambia aliyasema kimoyomoyo kila siku mpaka akawa mtu mzima, na aliponiambia hivyo alitazama pembeni, na mimi nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mama yangu alikwenda kufanya kazi za nyumbani Jedda nikiwa darasa la pili. Kila Jumapili alipiga simu kwa mwenye duka, nami nikasimama juu ya kreti la soda nikamsikiliza akisema yuko vizuri, anakula vizuri, wenye nyumba ni watu wa Mungu. Nililelewa na sentensi hizo tatu. Tangu nije Ghuba mimi mwenyewe nimejua namna sentensi zile zinavyotengenezwa, na bado sijawahi kumuuliza.

Sasa basi, tangu kiharusi kile, Mhandisi alikuwa amejitungia dawa. Kila alasiri akirudi kazini aliweka sinema hiyo kwenye runinga kubwa, akakaa karibu na mama yake, wakaangalia. Alidhani itamrudishia kumbukumbu, ingawa kumbukumbu haikuwa imekwenda popote. Na kila ilipofika pale langoni, Mama alianza kuhesabu. Kwa sauti ile ya kukwaruza: uno, due, tre, quattro, akiendelea mbele, macho yamekaza kwenye kioo na machozi yanatiririka. Mimi niliinama kumfuta uso. Mwanawe alizima runinga haraka, akatoka kwenda kusimama jikoni.

Daktari aliyeitwa nyumbani alimtazama kwa muda mfupi, akamuuliza maswali kwa sauti ambayo Mama hakuisikia, akahitimisha kwamba akili zinaondoka. Mtu anayehesabu bure mbele ya runinga, alisema, atakuja kutoka nje ya mlango siku moja asijue amekwenda wapi, na hiyo ni ghorofa ya juu. Mhandisi akaanza kutafuta makao. Akayapata kwao Italia, mlimani, nyumba ya watawa inayotunza wazee waliopotewa na akili. Yeye mwenyewe asingeweza kwenda naye kuishi huko. Jengo alilokuwa analisimamia kazini lilikuwa linakaribia kukabidhiwa.

Mama akajua. Midomo ya watu aliisoma hata ya wanaonong'ona. Asubuhi moja akanishika kwa mkono wake mzima akaniambia, "Mimi nataka kufia kwake. Nilimwacha mara nyingi. Hii moja nataka nibaki." Nikamwambia, "Basi Mama, acha kuhesabu." Akaniambia hawezi. Mdomo unatangulia wenyewe.

Siku ile ilipofika alasiri sikuinama mapema kumfuta. Nilitazama runinga. Sijui kwa nini sikuwahi kutazama kabla. Labda kwa sababu sinema nyeusi na nyeupe za watu wanaolia sizitaki, nina zangu. Nilikuwa nimeshajifunza namba zao kwa Mama mwenyewe, tulipokuwa tunahesabu mazoezi ya vidole. Na pale kioo kilipojaa uso wa yule msichana, nikaona midomo yake ikifanya uno, ikifanya due, ikifanya tre, sawasawa na bibi aliyekaa kando yangu. Sauti ya asali ilikuwa inazungumza mambo ya mto na usingizi. Midomo ilikuwa inahesabu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini ndani ya nyumba ile sote tulikuwa tunasikiliza.

Kesho yake, mwanawe akiwa kazini, nilikaa mbele ya Mama nikamuuliza. Hakushangaa. Maneno ya mahali pale hayakuwa yameandikwa bado, alisema. Ndivyo walivyofanya kazi. Mwongozaji alimwambia, hesabu tu, uonekane unasema, maneno tutatia baadaye. Na machozi? Machozi yalikuwa ya kweli. Asubuhi hiyo yule mwanamke wa shambani alikuwa ametuma habari kwamba mtoto ana homa kali, na wenye sinema wakakataa kumwachilia mpaka picha ipatikane. Alihesabu ili amalize aondoke. Mwongozaji akapiga makofi.

"Mwambie!" nikamwambia. Nadhani nilipaza sauti, kana kwamba ingesaidia. "Mwambie mwanao, ajue huna wazimu, abaki na wewe!"

Akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo kwaheri pekee niliyompa," akasema. "Nimwambie ni namba?"

Nilikasirika, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikasirika na wote wawili. Chumbani nilimweleza dada mmoja tunayeishi naye, mlinzi kwenye duka kubwa, mwenye ulimi kama wembe. Alikuwa anakanda unga wa chapati, hata hakuinua kichwa.

"Wewe nawe, umeandikwa kuosha mtu ama kuamua kesi?"

"Anapelekwa na akili zake timamu, dada."

"Wacha apelekwe. Maneno ya mtu na mathake usiingize mkono, utaungua. Hapa ukifutwa, nani atakuokota? Mimi? Hata godoro sina."

"Ungekuwa ni mama yako?"

Akaendelea kukanda. Baadaye akasema, "Kama ni hivyo, basi ongea Ijumaa ukitoka kanisani. Angalau utakuwa na neema kidogo."

Ijumaa nilikwenda Abu Hamour, kwenye lile eneo ambalo makanisa yote yamewekwa pamoja kama maduka ya bidhaa moja, nikaomba, nikapanda basi mpaka Lusail ingawa haikuwa zamu yangu. Nilimkuta Mhandisi peke yake mezani, mama yake amelala. Nilimwambia yote, namba, homa, picha iliyomfungia mama yake kazini wakati yeye ana joto la kufa. Nilimwambia, "Bosi, machozi yalikuwa yako. Maneno tu ndiyo hayakuwa yake."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ile adabu yake haikumwacha hata wakati huo. Kisha akasema, taratibu, "Nilikuwa na miaka minane. Unajua ni kitu gani nilikuwa nacho kingine?" Akaongeza, "Mgonjwa huwa anatunga mambo. Daktari alinionya." Akaamka akaenda kusimama jikoni kama kawaida yake, na kutoka huko akaniambia kwamba safari itaharakishwa, iwe Jumatatu hiihii.

Nikaelewa nilichokifanya. Mtu akiwa na mama mwendawazimu, kwaheri yake inabaki nzima. Akiwa na mama mzima wa akili, kwaheri inakuwa namba. Alichagua. Nilitaka kumchukia na nikashindwa, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe juu ya kreti la soda, na mtu anakuja kuniambia mama yako hakuwa anakula vizuri, hata siku moja. Ningemfukuza mtu huyo. Pengine ningemtupia chupa.

Jumamosi na Jumapili nilipanga nguo za Mama. Hakuniuliza kama nilisema. Aliniuliza tu kama huko mlimani kutakuwa na baridi, nikamwambia ndiyo, nikamwekea soksi zangu mbili za sufu nilizotumiwa kutoka nyumbani na ambazo hapa Doha hazijawahi kunifaa kitu. Alasiri hizo mbili runinga haikuwashwa. Mama na mwanawe walikaa chumba kimoja bila kutazamana, na mimi nikapika supu ambayo hakuna aliyeinywa.

Jumatatu asubuhi tulimpeleka uwanja wa ndege. Muuguzi wa kukodiwa, kijana wa Kifilipino mpole, ndiye aliyekuwa anasafiri naye. Kwenye kaunta ikatokea kero: kiti chake cha magurudumu hakikubaliwi, lazima atumie kile cha ndege. Mhandisi akaanza kubishana na mtu wa mizigo, karatasi mkononi, sauti chini lakini shingo nyekundu. Mama alimtazama muda wote ule, midomo yake ikisogea bila sauti. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia kwa midomo ya polepole kwamba nitamwombea. Akanigusa shavu. Kisha wenye ndege wakasema wakati umekwisha, kiti cha ndege kikasukumwa, na Mhandisi alipogeuka alikuta mgongo wa mama yake unaingia mlangoni. Akainua mkono kwa mgongo huo.

Tulirudi Lusail na kiti kitupu nyuma ya gari. Nilikuwa na vitu vyangu vichache vya kuchukua pale, kandambili, aproni, kikombe. Nilikuwa jikoni niliposikia amewasha runinga. Nikajisemea huyu sasa amezidi, lakini hapakuwa na sauti. Nilipochungulia nikaona amesimama karibu kabisa na kioo, rimoti ya runinga mkononi, sauti ameizima, na uso wa yule msichana umejaa ukuta mzima.

"Njoo," akaniambia. "Nataka nikuonyeshe umekosea."

Nikaenda. Tukatazama. Akahesabu pamoja na midomo ile, mwanzoni kwa ukali, kama mtu anayemsahihisha mwingine, kisha sauti yake ikashuka. Otto. Nove. Dieci. Hakukuwa na ubishi. Alifika kumi na nane na pale akasimama, lakini midomo haikusimama. Ilifungika mara moja, ikafunguka, ikafungika tena. Kwenye sinema hapo ndipo sauti ya asali inaposema kwaheri. Mimi sikuwahi kuona sehemu ile. Kila mara nilikuwa nimeinama na kitambaa.

Akarudisha nyuma. Akatazama tena. Akarudisha tena.

"Hiyo si namba," akasema.

Nikamuuliza ni nini.

Ilikuwa jina. Si lile la kwenye pasipoti. Jina la kitoto, la nyumbani, ambalo mama yake alimwita alipokuwa hajajua kutembea, na ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua. Hakunitajia, nami sikuuliza. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule, na suruali yake ya kazini.

"Leo asubuhi sikumwambia kitu," akasema. "Nilikuwa nabishana na mtu wa mizigo."

Nilitaka kumwambia ampigie simu akifika, na neno likanifia mdomoni, maana kwa Mama simu haikuwa na faida, hata ya video, kioo chake ni kidogo mno kusoma midomo. Ilibidi ukae mbele yake, auone mdomo wako. Na yeye alilijua hilo, kwa sababu alikuwa ameshachukua simu anaandika kwa wakubwa wake kuomba ruhusa. Nilimwekea chai karibu na mguu, nikachukua kandambili zangu, nikashuka.

Ruhusa ilichelewa kwa sababu ya jengo. Aliniandikia baadaye, ujumbe mfupi, wenye adabu kama kawaida. Alisema asante kwa soksi, watawa walikuwa wamemvisha. Alisema alipofika Mama alikuwa bado anapumua, lakini hafungui tena macho.